Mtu wa Kunishusha: Tafakari ya Yohane 5:1-9



Jumanne ya wiki ya nne ya Kwaresima huwa tunasikia Injili ya yule mgonjwa wa birika la Bethzatha. Kabla hujaendelea, fungua Biblia yako usome Yoh 5:1-9 polepole. Mimi nakusubiri hapa.

Umesoma? Sasa tazama jambo moja. Huyu bwana ameugua miaka 38. Yesu anamwuliza kama anataka kupona, na yeye hasemi ndiyo wala hapana. Hata ugonjwa wake hautaji. Anachosema ni kwamba hana mtu: maji yakitibuliwa hakuna wa kumtia ndani, na akijikokota mwenyewe anakuta mwingine kashatangulia. Birika lipo, tena lina matao matano. Hakuna aliyemkataza kuingia. Kinachokosekana ni mtu.

Injili hii ilinirudia niliposoma habari za Tanni Grey-Thompson. Ni mwanamichezo mstaafu wa Uingereza anayetumia kitimwendo, ameshinda medali 11 za dhahabu za Paralimpiki, na sasa ana kiti katika Bunge la Malodi. Agosti 2024 alikuwa njiani kwenda Paralimpiki ya Paris. Treni aliyoiombea msaada ilimpita pale Leeds, akapanda iliyofuata. Akafika King's Cross, London, saa nne usiku na dakika zake. Abiria wakashuka wote. Yeye akabaki ndani akingoja mtu wa kuleta ubao wa kushukia. Robo saa ikapita, hakuna aliyetokea. Mwishowe akatupa mizigo yake nje, akashuka kwa kutambaa. Malodi, medali 11, anatambaa sakafuni.

Usiseme kule hakuna utaratibu. Upo, na umeandikwa wazi. Kwanza kuna kadi ya punguzo ya abiria wenye ulemavu. Kwa mwaka ni paundi 20, na mwenye nayo anapunguziwa theluthi moja ya nauli. Si ya watu wa vitimwendo peke yao: wanaistahili pia wasioona, viziwi, na baadhi ya wenye kifafa. Na kuna kipengele kinachonigusa kuliko vyote: mtu mzima mmoja anayesafiri naye anapata punguzo hilohilo. Yaani waliotunga kanuni walikubali kwamba kwa abiria fulani, msindikizaji ni sehemu ya safari yenyewe. Kwa lugha ya Injili yetu, kadi inamhesabu yule "mtu".

Pili, kuna msaada wa bure stesheni: kuwekewa ubao wa kupandia, kuongozwa kama huoni, kubebewa begi. Unauomba saa mbili kabla ya safari, na hata kama hukuomba unaruhusiwa kufika kituoni na kuuliza.

Sasa hapa tutulie kidogo. Punguzo linaweza kutolewa na kompyuta. Unaingiza namba ya kadi, nauli inashuka, kazi imeisha. Lakini ubao haujileti wenyewe mlangoni. Lazima awepo mtu mwenye miguu, aliyepewa taarifa, ambaye saa nne usiku amechoka na bado anakuja. Ndiyo maana nauli nafuu ni rahisi kuitoa kuliko msaada, na nadhani hata sisi Kanisani tunapenda zaidi kutoa kile cha kwanza. Kuchangia elfu kumi ni dakika moja.

Tulipokuwa tunasoma falsafa, Mtakatifu Tomaso wa Akwino alitusumbua sana kwa maana yake ya haki. Kwake haki si tendo moja la kumpa mtu stahili yake. Ni utashi uliozoea kumpa, bila kukatika. Wakati ule niliona ni maneno ya mtihani tu. Siku hizi namwona yule mama mlangoni mwa behewa. Leeds kupandishwa na London kusahauliwa si nusu ya haki. Ukimpandisha mtu, umejifunga kumshusha.

Niseme na la kwetu. Mwaka wa uchungaji nilikuwa parokia moja ambayo kanisa lake lina ngazi nyingi mbele. Kulikuwa na kaka mmoja wa kitimwendo, na kila Jumapili vijana wanne tulimbeba hadi ndani. Watu walitusifu, tukafananishwa na wale wanne wa Marko 2, na nakiri tulilewa sifa kidogo. Jumapili moja vijana wote tukaenda kongamano la jimbo. Hakuna aliyekumbuka. Yule kaka alikaa chini ya ngazi mpaka wimbo wa kuingia ukaisha, akageuza kiti akarudi nyumbani. Nilipomwomba msamaha alisema, "Bruda, mimi sikuwahi kuomba kubebwa. Niliomba mbao mbili." Kweli, alikuwa ameomba. Sisi tulipenda kubeba.

Rudi sasa kwenye mstari wa 6. Yesu anauliza kwanza, ndipo anatenda. Mwana wa Mungu hakudhani tu anachotaka mgonjwa.

Kwa ajili ya kujadili kwenye kikundi wiki hii: nani kwenye jumuiya yenu haji, na kuna aliyemwuliza sababu? Yule mnayemsaidia kufika, anarudije nyumbani? Halafu pimeni ngazi za kanisa lenu kwa futi, mwulizeni fundi seremala bei ya ubao, na mkutane naye pamoja na mtu atakayeutumia. Yeye ndiye aanze kusema.