Majira ya Kuchipua: Kutoka na Watoto, Mzazi Ukiwa Mbele

Somo la mwezi huu ni la familia zilizofungiwa ndani na baridi tangu Novemba. Sasa miti ya barabarani inaanza kutoa machipukizi, na mwishoni mwa Machi shule za umma za Chicago hufunga wiki moja. Watoto watashinda nyumbani, na simu itashinda nao. Ukimwuliza mzazi kwa nini hatoki nao, majibu ni yale yale: sina pesa, sijui njia, naogopa polisi, Kiingereza changu ni kidogo, mtoto ndiye anayejua.

Hilo la mwisho ndilo linalonisumbua zaidi. Baada ya miezi michache hapa, mtoto wa miaka 9 anasoma barua za mwenye nyumba, anaongea na daktari kwa niaba ya mama yake (jambo lisilotakiwa, hospitali ina mkalimani, lakini hilo ni somo jingine), na anabonyeza mashine ya tiketi huku baba amesimama nyuma akingoja. Tunaliona kila wiki. Mtoto aliyezoea kumwongoza mzazi njiani anaona ugumu kumsikiliza jioni nyumbani. Kiingereza siwezi kukupa kwa ukurasa mmoja. Ninachoweza ni kukuonyesha mahali ambapo ukienda na mtoto, wewe ndiye utakayekuwa na la kusema, kwa sababu vilivyomo unavijua kuliko hata mwalimu wake. Na mahali pengi kati ya hapo ni bure.

Kabla ya kutoka, ujue ziwa liko wapi

Mji huu ni mkubwa lakini umepangwa kama shamba lenye matuta. Ziwa Michigan liko mashariki siku zote. Ukilikuta ziwa mkono wako wa kulia, unaelekea kaskazini. Likiwa kushoto, unaelekea kusini. Namba za nyumba nazo zinahesabiwa kutoka sehemu moja, pale barabara za State na Madison zinapokutana katikati ya mji. Pale ni sifuri. Kwa sehemu kubwa ya mji, kila namba 800 ni maili moja, yaani kama kilomita 1.6.

Chukua mfano wa barabara ya Devon, ambako familia zetu nyingi zinaishi. Devon ni 6400 kaskazini, kwa hiyo iko maili 8 kutoka Madison. Fullerton ni 2400. Toa 2400 kwenye 6400, zinabaki 4000. Gawa kwa 800, unapata maili 5. Mpe mtoto hesabu hiyo mkiwa ndani ya basi. Akishindwa, mweleze wewe. Mzazi anayejua namba hizi hapotei, hata kama simu imeisha chaji.

Kuhusu nauli: mtoto aliye chini ya miaka 7 husafiri bure kwenye mabasi na treni za CTA akiwa na mtu mzima anayelipa, na wa miaka 7 hadi 11 hulipa nauli iliyopunguzwa. Tumia kadi ya Ventra. Ukilipa pesa taslimu kwenye basi hurudishiwi chenji, na ukibadilisha basi utalipa upya. Mwenye kadi anabadilisha ndani ya saa 2 bila kutozwa nauli nzima tena.

Migomba ya Garfield Park

Kama una nafasi ya kwenda mahali pamoja tu, nenda kwenye jumba la mimea la Garfield Park Conservatory. Kuingia ni bure. Lina siku za kufungwa, na ni vizuri kuweka nafasi mapema kwenye tovuti yao. Panda treni ya Green Line, ushuke kituo cha Conservatory–Central Park Drive. Jumba liko pale pale. Ni nyumba kubwa ya vioo iliyofunguliwa mwaka 1908. Aliyeisanifu, Jens Jensen, alikuwa mhamiaji kutoka Denmark aliyeanza kazi katika bustani za mji huu kama kibarua. Hilo nalo mwambie mtoto.

Ukifungua mlango, joto na unyevu vinakupokea kama alfajiri ya nyumbani baada ya mvua. Nimewaona watu wazima wakisimama pale mlangoni wakivuta pumzi bila kusema neno. Ndani kuna migomba, miwa, michungwa na kakao. Mtoto aliyezaliwa kambini, au aliyefika hapa akiwa na miaka 2, ndizi anaijua ya dukani tu, yenye kibandiko. Hajui kwamba mgomba ukishazaa mkungu mmoja hauzai tena, unakatwa, na chipukizi lililo pembeni ndilo linaloendelea. Hajui kwamba jani lake hufunika sufuria, hufungia chakula, na kwamba lilikukinga mvua ulipokuwa ukienda shule.

Fanyeni hivi: gawaneni kazi. Kila mti una kibao chenye jina na maelezo kwa Kiingereza. Yeye asome kibao, wewe useme mti. Jina lake kwa lugha ya nyumbani, unapandwaje, unavunwa lini, bibi yake aliupikaje. Usiongee kama mwalimu. Ongea kama mtu aliyekutana na jirani wa zamani. Mtoto atarudi shuleni baada ya likizo, na mwalimu akiuliza nani alifanya nini, atakuwa na habari ambayo mwenzake aliyekwenda Florida hana.

Mbuzi wa bure

Bustani ya wanyama ya Lincoln Park Zoo ni bure siku zote 365 za mwaka. Ilianzishwa mwaka 1868. Ukiwa Rogers Park au karibu na Devon, basi namba 22 la barabara ya Clark linakufikisha bila kubadilisha. Likipita Fullerton, jiandae kushuka. Ukienda na gari utalipia maegesho, na si kidogo. Beba chakula chako. Tembo hawapo, kwa hiyo usimwahidi mtoto tembo.

Simba na twiga wapo, lakini mimi ningeanza na sokwe. Kuna jengo zima la sokwe wa Afrika. Gorila waliomo ni wa nyanda za magharibi, siyo wale wa Kahuzi-Biega kwetu Kivu. Ni ndugu wa mbali, na watu wa Bukavu watakuwa na la kuongeza hapo. Sokwe mtu nao wana historia inayotuhusu. Mwaka 1960 Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe mtu pale Gombe, kwenye ufuo wa Ziwa Tanganyika, kaskazini ya mji wa Kigoma. Watoto wanafundishwa jina lake shuleni. Sisi tuliokulia Nyarugusu tuliishi mkoa huo huo, na wengi wetu tulivuka ziwa hilo hilo kwa mashua usiku. Kama hujawahi kumweleza mtoto safari ile, mbele ya kioo cha sokwe si mahali pabaya pa kuanzia. Usieleze yote. Sema alichofikia umri wa kubeba.

Kisha nendeni sehemu ya shamba. Ndiyo, ndani ya bustani ya wanyama kuna shamba lenye ng'ombe, mbuzi na kuku, na watu wa mji huu wanapanga mstari kuwatazama kama sisi tunavyomtazama simba. Cheka kidogo. Halafu mwonyeshe mtoto unavyojua umri wa mbuzi kwa kumtazama meno, na ng'ombe wa maziwa anavyojulikana kwa kiwele.

Ziwa hili si Tanganyika

Hapa naomba usome polepole, maana kosa la hapa halirudishwi nyuma. Familia nyingi zetu zimetoka Uvira, Baraka, Kalemie, Kigoma. Tumeogelea kabla hatujajua kusoma. Siku ya kwanza ya jua mwezi wa Aprili, kijana analiona ziwa la maji matamu, la buluu, anavua shati.

Maji ya Tanganyika juu huwa karibu na nyuzi joto 25 za Selsiasi mwaka mzima. Maji ya Ziwa Michigan mwezi wa Aprili huwa chini ya 10, hata kama hewani kuna jua la kuvulia koti. Mwili ukiingia ghafla katika baridi hiyo, pumzi inakatika na mtu anavuta hewa bila kutaka. Kichwa kikiwa chini wakati huo, anavuta maji. Akisalimika hapo, baada ya dakika chache mikono na miguu inakataa kufanya kazi. Kujua kuogelea hakusaidii sana. Fukwe za kuogelea hufunguliwa Ijumaa ya kabla ya sikukuu ya Memorial Day, mwishoni mwa Mei, na ndipo waokoaji wanapoanza kukaa. Kabla ya hapo hakuna anayewatazama watoto wako isipokuwa wewe. Baada ya kufunguliwa, tazama bendera: ya kijani ruhusa, ya manjano tahadhari, nyekundu hakuna kuingia. Kwenye kuta za zege na magati hakuna kuruka, majira yoyote. Ukiona mtu amezama, usimfuate majini. Piga 911 na umtupie boya la duara. Yamewekwa sehemu nyingi za ufuo.

Ziwa lenyewe nendeni mkalitazame. Mchangani watoto wachimbe, wakusanye mawe. Na hesabu nyingine hii: Michigan ina eneo la kilomita za mraba kama 58,000, Tanganyika kama 32,900. Mtoto atasema la huku limeshinda. Mwulize kina. Michigan mwisho wake ni mita 281. Tanganyika ni mita 1,470. Aende nayo hiyo darasani.

Koti msiache. Ufukweni huwa baridi kuliko ndani ya mji, tofauti ambayo utaisikia ukitembea mitaa michache tu. Aprili theluji bado inaweza kuanguka. Wazazi wa Tanzania wanaiita miezi hii masika, na kwa mvua hawajakosea. Viatu vya ziada kwenye mfuko vitakuokoa.

Macho ya watu

Kwetu mtoto wa miaka 8 humbeba mdogo wake mgongoni na kwenda naye kisimani, na kila mama wa njiani ni mama yake. Hapa anayemwona mtoto mdogo peke yake bustanini haji kumuuliza ni wa nani; anapiga simu. Sheria ya Illinois haimlengi mzazi aliyegeuka kununua maji, inaangalia kama mtoto aliachwa bila uangalizi kiasi cha kuhatarishwa. Lakini ni afadhali usifike kwenye maelezo hayo. Kaa mahali unapowaona. Andika namba yako ya simu kwenye karatasi, itie mfukoni mwa kila mtoto, na mkubaliane tangu mnaingia: mkipotezana, tunakutana chini ya mti huu. Mtoto akikaidi, msogeze pembeni mzungumze. Kofi hadharani litakuletea maswali ambayo hutapenda kuyajibu kupitia mkalimani.

Ukipewa lifti na rafiki, mtoto wa chini ya miaka 8 lazima akae kwenye kiti chake cha gari. Safari fupi haibadilishi hilo. Na kama ni kanisa au jamaa mnakwenda kuchoma nyama bustanini, mkifika watu 50 mnahitaji kibali cha idara ya bustani za mji. Makaa msiyamwage chini ya mti.

Siku ya mvua

Makumbusho mengi makubwa ya Chicago humpunguzia bei, au humwingiza bure, mwenye kadi ya Link, ile ya chakula. Onyesha pamoja na kitambulisho. Yako pia yenye siku za bure kwa wakazi wa Illinois. Kwenye Field Museum wapo simba wawili wa Tsavo waliokula wafanyakazi wa reli ya Kenya mwaka 1898. Ni madume lakini hawana manyoya ya shingoni, na watoto hawabanduki pale. Maktaba ya mtaa ni bure kila siku iliyo wazi, na tangu 2019 maktaba za mji hazitozi faini ya kuchelewesha kitabu, kwa hiyo ile hofu ya kuchukua vitabu iacheni.

Karatasi za shuleni

Jambo la mwisho ni la haraka. Majira haya ndiyo shule hupeleka madarasa matembezini, na mtoto asiyerudisha fomu ya ruhusa iliyosainiwa hubaki shuleni siku nzima. Kila mwaka kuna watoto wetu wanaobaki, kwa sababu karatasi ilikaa ndani ya begi au mzazi aliogopa kusaini asichokielewa. Kama kuna ada na huna, mwandikie mwalimu kwamba huwezi. Mara nyingi shule hupata njia, lakini lazima ijue. Pia ni miezi hii ambapo idara ya bustani huandikisha watoto kwa kambi za mchana za Juni hadi Agosti. Nafasi hujaa upesi na msaada wa ada upo kwa anayeuomba. Pekua mabegi leo jioni. Karatasi yoyote usiyoielewa ilete ofisini, tutaisoma pamoja kabla hujasaini.