Pumu na Mazoea ya Nyumbani

Ndugu wanafunzi, nanyi mliomaliza zamani, nimeombwa niandike maneno machache juu ya pumu ya watoto, ugonjwa niuonao kila juma katika kazi yangu ya utabibu hapa Kampala.

Pumu haiambukizi. Njia za hewa za mtoto hukasirika upesi: zikipata moshi, vumbi au mafua huvimba ndani, misuli yake hukaza, na pumzi hutoka kwa mlio.

Wagonjwa wangu hutoka nyumba mbalimbali. Huyu ni Mnubi wa Bombo, kwao hufukizwa udi. Yule ni Mhindi, kwao huwashwa ubani wakati wa sala. Mwingine ni Muganda, kwao hupikiwa makaa ndani. Moshi wote wadhuru, lakini nikiamuru tu "Acheni!" hakuna anisikiaye, kwani udi ni heshima na makaa ndiyo chakula. Basi kwanza nauliza, "Nyumbani mwasema pumu yatoka wapi?" Kisha twapatana: udi ufukizwe mtoto akiwa nje, jiko litolewe uani.

Neno gumu zaidi ni inhela. Wazazi wengi huogopa kwamba mtoto ataizoea asiweze kuishi bila hiyo. Sivyo. Ile ya bluu hufungua njia za hewa upesi, lakini haiondoi uvimbe. Uvimbe hupunguzwa na inhela ya kuzuia, yenye steroidi kidogo. Nayo hutumiwa kama daktari alivyoagiza, hata siku ambazo mtoto anacheza mpira. Wanaoiacha kwa sababu ya nafuu ndio turudishiwao usiku.

Mtoto mdogo hawezi kuivuta vema peke yake. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town walionyesha kuwa chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni ili inhela iingie barabara, yafaa sawa na chombo cha kununua. Dawa hupulizwa chupani, mtoto akapumua polepole mdomoni mwa chupa.

Nanyi mlio bwenini, mwenzenu akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, mketisheni wima, mpeni inhela yake ya bluu, mwiteni mwalimu, apelekwe hospitali mara moja. Wala msimcheke siku nyingine. Achekwaye huificha inhela, na aifichaye aweza kufa, dawa ikiwa sandukuni mwake.