Antibiotiki Baada ya Upasuaji wa Sainasi

Sainasi ni mianya yenye hewa iliyomo ndani ya mifupa ya uso, kandokando ya pua na juu ya macho. Uvimbe wa muda mrefu unapoziba njia zake na dawa zikashindwa, daktari bingwa huweza kuzifungua kwa upasuaji. Mgonjwa arudipo nyumbani, huenda jamaa wakamhimiza anunue antibiotiki “za kuzuia tu”. Nia yao ni njema, lakini tunawatahadharisha watumiaji kwamba ushauri huo unaweza kudhuru.

Kinga ina wakati wake

Pale inapohitajika, dawa ya kinga hutolewa kabla ya kupasua, ili iwe tayari mwilini vimelea vinapopata nafasi ya kuingia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unaelekeza itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya upasuaji, na unapinga kuiendeleza baada ya upasuaji kwa ajili ya kinga pekee. Vidonge vya ziada huweza kuleta kuharisha, mzio na usugu wa vimelea; siku utakapougua kweli, dawa isikusaidie.

Ukiandikiwa na daktari

Wapo wanaoandikiwa kwa sababu maalumu, kwa mfano aliyekutwa na usaha wakati wa upasuaji. Muulize daktari: dawa hii ni ya nini, na ni ya siku ngapi? Kisha ifuate kama ulivyoelekezwa, wala usiikatize kwa uamuzi wako.

Yanayosaidia kupona

Osha pua kwa maji ya chumvi kama ulivyoelekezwa, ukitumia maji yaliyochemshwa yakapoa na chombo safi. Usipenge kwa nguvu, usivute sigara, na uhudhurie kliniki kwa tarehe uliyopangiwa. Damu kidogo na pua kuziba siku za mwanzo ni hali za kawaida.

Rudi hospitali mara moja uonapo:

- homa kali au usaha unaoongezeka;
- damu isiyokoma;
- jicho kuvimba au uoni kubadilika;
- kichwa kuuma sana au shingo kukakamaa;
- majimaji maangavu yanayotiririka puani.

Dalili hizi zahitaji uchunguzi wa daktari, si vidonge vya kujinunulia. Tunasisitiza: usinunue antibiotiki bila cheti cha daktari, wala usitumie zilizobaki nyumbani.