Saratani ya ini: ni ukoo au ni gunia?

SWALI: Daktari, mimi ni mchukuzi hapa Bandari ya Bujumbura, nakaa Buyenzi. Kaka yangu, niliyebeba naye magunia miaka mingi, amefariki kwa saratani ya ini, na baba mdogo aliondoka hivyo hivyo. Kijana wangu kasoma kwenye simu kwamba saratani ni ugonjwa wa jeni. Ina maana ni ya ukoo, nami nasubiri zamu yangu? Halafu jirani yetu mwenye saratani ya titi alipimwa protini, akapewa vidonge. Mbona kaka hakupimwa hivyo? Na mahindi yaliyolowa, yale tunayogawana gatini, tunawapa kuku. Kuna ubaya?

JIBU: Pole sana kwa msiba. Kijana wako hakukosea, ila kasoma nusu. Kila saratani inaanzia kwenye jeni iliyoharibika, lakini ni chache zinazorithiwa. Mara nyingi jeni huharibika mtu akiwa keshakua, ndani ya kiungo kimoja tu, na uharibifu huo haumfikii mwanawe.

Jeni ni maagizo. Anayeyatekeleza ni protini. Mwilini mna protini moja iitwayo p53, nayo ni kama yule nyapara anayepiga filimbi winchi isimame akiona kamba inaanza kukatika. Chembe ya mwili ikiharibika, p53 huizuia isigawanyike mpaka itengenezwe, na isipotengenezeka huiamuru ife. Nyapara huyo akinyamaza, mzigo mbovu unaendelea kupanda.

Sasa tuje kwenye magunia yako. Mahindi na karanga zikikaa na unyevu huota kuvu la rangi ya kijani-manjano, na kuvu hilo hutoa sumu tunayoiita sumukuvu. Bandari yenu inapakana na maji, na ziwa lilipofura mwaka 2024 mliona wenyewe yalikofika. Mtu akila sumu hiyo, ini hujitahidi kuitoa, na hapo ndipo balaa linapoanza, kwa sababu ni ini lenyewe linaloigeuza kuwa kali zaidi. Ikishageuzwa hunasa kwenye herufi moja ya maandishi ya jeni, herufi G.

Mwaka 1991 makundi mawili ya watafiti, moja likichunguza wagonjwa wa Qidong huko China na jingine wagonjwa wa kusini mwa Afrika, Msumbiji ikiwemo, yalikuta kitu kilekile kwenye uvimbe wa ini. Protini ya p53 ni mnyororo wa pingili 393. Kwa wagonjwa kadhaa ilikuwa imebadilika pingili ileile ya 249: herufi G ya jeni imekuwa T, na mahali pa pingili aina ya arjinini pamekaa serini. Nchi mbalimbali, alama moja. Ni nadra sana sumu kuacha nyayo zilizo wazi namna hiyo, na mimi kila nikisimulia habari hii hushangaa upya.

Lakini sumukuvu haifanyi kazi peke yake. Ina mshirika, virusi vya homa ya ini aina ya B. Huko Shanghai wanaume zaidi ya 18,000 walifuatiliwa. Waliokula sumukuvu bila virusi, hatari yao ya saratani ya ini ilipanda kama mara 3; wenye virusi bila sumukuvu, kama mara 7; waliokuwa na vyote viwili, karibu mara 60. Na virusi hivi hupita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto anapozaliwa, au baina ya watoto wanaolelewa pamoja. Ndiyo maana ugonjwa huu huonekana kama wa ukoo. Sikuviona vipimo vya marehemu, lakini watu wa nyumba moja hugawana virusi, na hugawana sufuria ya ugali.

Kuhusu jirani: protini zinazopimwa kwenye saratani ya titi ni zile zilizozidi kiherehere, zinazoihimiza chembe igawanyike bila kupumzika. Dawa hapo kazi yake ni kuziba mdomo. Tamoksifeni huziba kipokezi cha homoni ya kike, na trastuzumabu, inayotumika tangu 1998, huikamata protini ya HER2. Asiye na protini hizo dawa hizo hazimsaidii, kwa hiyo lazima kinyama cha uvimbe kipimwe kwanza. Saratani ya ini mara nyingi hutambuliwa kwa picha, bila kuchukua kinyama. Na hata kingechukuliwa, p53 ni nyapara aliyepoteza sauti: kumnyamazisha mpiga kelele tunaweza, kumrudishia bubu sauti bado. Dawa ya sorafenibu, inayoziba protini nyingine za uvimbe huo, kwenye utafiti mkubwa uliochapishwa 2008 iliongeza maisha kwa kama miezi 3 tu.

Kwa hiyo usisubiri zamu. Nenda ukapime damu kwa homa ya ini B, pamoja na mama watoto na ndugu zako. Asiye na virusi na hana kinga achanjwe. Mwenye navyo aangaliwe na daktari, kwani zipo dawa za kuvizuia, na ini lake lipigwe picha ya mawimbi ya sauti kila miezi 6. Watoto hakikisha wamemaliza chanjo zao za wiki ya 6, 10 na 14. Kinga ya homa ya ini B imo humo.

Kupika hakuondoi sumukuvu, ugali uive vipi. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara huko Tanzania, watu 20 walifariki kwa mahindi ya namna hiyo. Kuchambua kunasaidia: punje chache ndizo hubeba sumu nyingi, basi toa zilizovunjika, zilizosinyaa na zenye ukungu, kisha koboa. Ila punje safi kwa macho si lazima iwe salama, na gunia lililolowa likavunda halichambuliki.

Na kuku? Usiwape, wala ng'ombe, maana sumu hupita kwenye maziwa. Sumu hii yenyewe ilijulikana kwa sababu ya ndege: mwaka 1960 batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza, na chakula chao kilipochunguzwa kikakutwa kina karanga zilizoota kuvu.