Sosi ya Kopo na Mumunye Changa: Tazama Chumvi Kwanza

Ukipima sosi ya nyanya ya kopo na mumunye changa, lile la kijani ambalo sokoni wengine huliita zukini, kwa mengi hutaona mshindi. Gramu 100 za sosi zina kalori kama 24; mumunye bichi la uzito huohuo lina 16. Protini ni gramu 1.2 huku na huku. Potasiamu nayo ni miligramu 297 kwa 262. Hapo hakuna wa kumcheka mwenzake.

Sodiamu ndiyo inayowatenganisha. Mumunye lina miligramu 2 tu. Sosi iliyotiwa chumvi kiwandani hufika 474, ilhali ile isiyotiwa chumvi ina 11 hivi. Kwa hiyo nyanya haina kosa, kosa ni la chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku, yaani gramu 5 za chumvi, ambazo hazijai hata kijiko cha chai. Sasa chukua kopo la gramu 400 la sosi yenye chumvi, limimine sufuriani, mle watu wawili: kila mmoja amekwisha kula karibu nusu ya kipimo cha siku nzima, na bado hamjatia chumvi yenu wala kile kipande cha kukolezea mchuzi. Ndiyo maana lebo isomwe kabla ya kulipa. Ikiandikwa sodiamu badala ya chumvi, zidisha kwa 2.5 upate chumvi yenyewe.

Ile tomato ya chupa kwenye vibanda vya chipsi ni habari nyingine kabisa. Gramu 100 zake huwa na sukari inayozidi gramu 20, na chumvi juu. Tusiihesabu kuwa mboga.

Sosi ina sifa yake lakini. Wekundu wa nyanya unatokana na laikopini, na kinyume na vitamini nyingi, hii hainyong'onyei motoni. Nyanya mbichi ina miligramu 2.5 hivi kwa gramu 100. Sosi, kwa kuwa maji yamepungua, inakaribia 14. Tena mwili huipokea vizuri zaidi nyanya ikiiva na mafuta kidogo. Mumunye halina laikopini, ila lina vitamini C miligramu 17 dhidi ya 7 za sosi, na ganda lake la kijani lina luteini, ambayo hukusanyika nyuma ya jicho. Basi usilimenye, lioshe tu. Wala usilitokose kwenye maji mengi kisha ukayamwaga, maana vitamini C huondoka nayo.

Mimi nisingechagua kimoja. Kaanga kitunguu, tia nyanya fungu zima, acha zirojeke mpaka mafuta yajitenge. Hiyo ndiyo sosi, na chumvi yake umeishika wewe. Vipande vya mumunye viingie mwisho, dakika tano zinatosha.

Kabla ya kuvitumbukiza, onja kijipande kibichi kwa ncha ya ulimi. Kikiwa kichungu, kiteme na utupe mumunye lote. Uchungu huo ni sumu ya asili ya jamii ya maboga, huleta kutapika na kuharisha, na haitoki kwa kupikwa.