Usiurande Mlango Novemba: Utunzaji wa Milango ya Mbao Kitui na Makueni

Mvua za Oktoba hadi Desemba zikianza, mafundi wa Wote, Mwingi na Kibwezi huitwa kila upande kurekebisha milango iliyogoma kufungika. Wengi hushika randa na kupunguza ukingo papo hapo. Ikifika Februari jua limeukausha ubao, mlango umesinyaa, na pengo lililobaki linapitisha vumbi, panya, hata nyoka.

Ubao ukivuta unyevu huvimba kwa upana, na ukikauka husinyaa. Urefu wake haubadiliki sana. Basi mlango unaokwama msimu wa mvua tu hauna haja ya randa. Unataka kuzibwa pale maji yanapoingilia.

Mara nyingi ni ukingo wa chini na ule wa juu. Mlango ukishapachikwa, mpaka rangi hupaka pande mbili zinazoonekana na kuziacha kingo hizo tupu. Hapo nyuzi za mbao zimekatwa, na hunyonya maji kama mirija kila asubuhi sakafu inapopigwa deki. Telezesha kioo kidogo chini ya mlango wako utazame: ukiona mbao tupu, nyeusi kwa unyevu, umeupata ugonjwa.

Subiri Septemba, ubao ukiwa umekauka vizuri. Ng'oa mlango, ulaze juu ya meza, piga msasa kingo zote, futa vumbi, kisha paka praima na rangi ya mafuta mikono miwili. Rangi ikiwa ya miaka mingi, ilowanishe kabla ya msasa na uwaweke watoto mbali, kwa sababu rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi. Mlango unaopigwa na jua la mchana hufaa kupakwa rangi kuliko vanishi isiyo na rangi, ambayo huchunika upesi juani.

Kabla ya randa, bawaba

Mlango unaokwaruza sakafu upande wa kitasa, mvua au kiangazi, kwa kawaida umelegea bawaba ya juu. Fungua skrubu, jaza tundu kwa vijiti vya kiberiti vilivyopakwa gundi ya mbao, acha ikauke, kisha uzikaze upya. Ukiendelea kukwama, paka chaki kwenye fremu, ufunge na kufungua. Chaki itaacha alama pale hasa panapogusa, na hapo tu ndipo pa kupunguza, kidogo kidogo, wakati wa kiangazi. Ubao uliorandwa upakwe rangi siku hiyo hiyo.

Mchwa

Mchwa hupanda kutoka ardhini, hivyo anza na miguu ya fremu. Isizikwe kwenye udongo, na usiegemeze kuni wala mabua ya mahindi hapo. Vunja vichuguu vya udongo mara uvionapo, kisha gonga mbao kwa mpini wa bisibisi. Sauti tupu ina maana ndani kumeliwa, na kipande hicho hakitapona kwa rangi. Oili chafu ya magari tunaikataza. Ina sumu, hushika mikono na nguo, na huchafua udongo ambao watoto wanachezea.

Ukinunua mlango mpya, uliza umetengenezwa kwa mbao gani. Saipresi nyingi hutoka nyanda za juu, na ikiuzwa mbichi hupasuka kwenye joto la Kibwezi au Mutomo. Ukinunua mbao ili utengenezewe mlango, zipange kivulini, zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti, wiki kadhaa kabla ya kuzitengeneza. Mukau, mti wa kwetu, hustahimili mchwa na hukua kwenye ukame. Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, KEFRI, ina mashamba ya mbegu bora za mukau Tiva, Kitui, na Kibwezi, yaliyoanzishwa kwa ushirikiano na Japani. Mti huo huweza kukatwa kwa mbao baada ya miaka 10 hadi 15. Ulizia miche katika kituo chao cha Kitui kabla mvua za Oktoba hazijaanza.