Kuwatambua Watendao Kazi Kati Yetu

Somo: Warumi 16:1-16, 1 Wathesalonike 5:12-13

Watu wengi wasomapo Waraka kwa Warumi huifikia sura ya 16, kisha huifunga Biblia. Huona kwamba ni majina matupu, tena magumu kutamka, wakadhani hamna fundisho ndani yake. Lakini katika majina hayo limo fundisho ambalo sharika zetu zalihitaji sana, yaani, jinsi ipasavyo kuwatambua na kuwashukuru wale watendao kazi pamoja nasi.

Kwanza hatuna budi kuungama kosa letu. Katika usharika mmoja tulioutumikia alikuwako mzee aliyepiga kengele ya kanisa kwa miaka mingi. Hakuna aliyemwambia neno, maana kengele ililia kila Jumapili kwa saa yake. Jumapili moja haikulia. Watu wakachelewa, wakanung'unika, na sisi tukanung'unika pamoja nao. Baada ya ibada tukaenda nyumbani kwake kumwuliza sababu, tukamkuta amelala na homa siku ya tatu. Akatutazama, akasema, "Kumbe kengele yangu mlikuwa mkiisikia." Hatukuwa na neno la kumjibu. Tangu siku ile twaisoma sura ya 16 kwa macho mengine.

I. Paulo awataja watu kwa majina.

Mtume aliandika waraka huu alipokuwa Korintho, mnamo mwaka 57 hivi. Alikuwa hajafika Rumi bado, hata hivyo awasalimu watu 24 wa huko kwa majina yao. Hasemi tu, "Nisalimieni wote," akanyamaza. Kumshukuru kila mtu kwa neno moja ni jambo jepesi, lakini aliyechoka kwa kazi hajui kama ametajwa yeye au jirani yake. Angalieni pia ni watu gani awatajao. Wamo wanawake wengi, na pengine wamo watumwa, kwa kuwa baadhi ya majina hayo yalikuwa ya kawaida kwa watumwa siku zile. Wa kwanza kabisa ni Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea.

II. Paulo aitaja kazi yenyewe.

Hasemi kwamba Priska na Akila ni watu wema tu. Asema kwamba walihatarisha shingo zao kwa ajili yake. Kwa habari ya Mariamu, Trifaina, Trifosa na Persisi ashuhudia kwamba walijitaabisha kwa kazi. Mama yake Rufo alikuwa kama mama kwa Paulo mwenyewe. Sifa ya namna hii si kujipendekeza. Mwenye kujipendekeza husifu asichokiona ili apate kitu, bali mwenye kushukuru hutaja alichokiona ili atoe haki. Wazee wetu walisema: Chanda chema huvikwa pete.

III. Paulo afanya hivyo daima.

Mwanzoni mwa nyaraka zake nyingi amshukuru Mungu kwa ajili ya watu anaowaandikia. Hata Wakorintho, waliokuwa na fitina na makosa mengi, awatolea shukrani kwanza, ndipo awakemea. Katika waraka huo huo, sura ya 16, awaagiza wamtambue Stefana na wenzake. Nao Wafilipi awaagiza wampokee Epafrodito kwa furaha na kuwaheshimu watu kama yeye, maana alikaribia kufa kwa ajili ya kazi ya Kristo (Wafilipi 2:25-30). Basi shukrani kwa Paulo si jambo la sikukuu, wala la siku ya mazishi. Sisi twawasifu wafu kwa maneno mengi makaburini. Je, mbona twawanyima walio hai neno moja?

IV. Mashaka ya watu.

Wengine husema, "Bwana ametuagiza kutenda mema kwa siri (Mathayo 6:1-4). Mkimsifu mtu mwamnyang'anya thawabu yake." Twajibu: agizo lile amepewa mtendaji, asitafute kuonekana. Hakupewa mwenye kuona, kwamba afumbe macho.

Wengine hutaja Luka 17:7-10, ambapo watumishi hujiita wasio na faida. Hilo nalo ni neno la mtumishi kujinenea nafsi yake mbele za Mungu. Ole wetu tukilichukua tukamnenea mwenzetu! Naye Bwana yule yule, katika mfano wa talanta, aonyesha jinsi mtumishi mwaminifu atakavyosifiwa na bwana wake (Mathayo 25:21).

Tena twakumbuka Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529. Afafanuapo riziki ya kila siku, ahesabu ndani yake watumishi waaminifu pamoja na chakula na mavazi. Basi anayekula mkate na kumshukuru Mungu, asimsahau mtu ambaye Mungu amempa kuwa riziki yake. Na katika amri ya nane atufundisha kwamba haitoshi kutomsingizia jirani. Yapasa kumnenea mema.

Lakini jihadharini: neno jema halilipi deni la mshahara. Yakobo 5:4 yatuonya kwamba ujira uliozuiliwa hupiga kelele masikioni mwa Bwana. Msimamizi anayewasifu wafanya kazi huku akiwacheleweshea haki yao, sifa yake ni dhihaka.

V. Tufanyeje?

Yafaa wazee wa kanisa, kila wakutanapo kwa mwezi, waulizane: ni nani ametenda kazi ambayo hatujaitaja? Wamkumbuke afagiaye, achotaye maji, alindaye usiku, afundishaye watoto, na mwuguzi wa zahanati. Kisha mmoja atumwe kumwambia, kwa jina lake na kwa kazi yake. Wengine hufurahi kutajwa mbele ya usharika. Wengine huona haya, hao waambiwe faraghani. Wala msiwachague wale wale siku zote, maana upendeleo huzaa uchungu. Na wewe uliye mkubwa shambani, shuleni au ofisini, fanya vivyo hivyo kwa walio chini yako.

Mzee wetu wa kengele alipona, akarudi kazini. Siku hizo twalijua jina lake katika sala zetu. Bwana atujalie kuwaona ndugu zetu kabla kengele haijanyamaza.

Maswali ya kujifunza:

1. Katika Warumi 16:1-16, ni nani wanaotajwa pamoja na kazi zao? Waandikeni.
2. Kushukuru na kujipendekeza hutofautianaje?
3. Kwa nini Mathayo 6:1-4 haituzuii kumshukuru mwenzetu?
4. Katika usharika wako, ni kazi gani ambayo watu huiona siku isipofanyika tu? Aifanyaye ni nani, nawe utamwambia nini juma hili?